Akaunti ya Duka

Siku niliyonunua kompyuta yangu nilikuwa macho kuliko askari wa benki. Niliingia mjini asubuhi, nikapanda ngazi za jengo moja ambamo duka moja limegawanywa kwa vioo mpaka limekuwa maduka manane, kila muuzaji na kiti chake na kimeza chake. Mkoba nilikuwa nimeuvaa mbele, tumboni, kama tunavyofanya wengi tukiwa katikati ya mji. Mchezo wao niliujua. Unaonyeshwa kitu kizuri, unakikagua, unalipa, unafungiwa, na ukifika nyumbani unakuta mfukoni vipande viwili vya sabuni ya kufulia vilivyofungwa kwa gazeti. Yalimpata jirani yetu. Mimi niliapa hayatanipata.

Kwa hiyo ile kompyuta, ambayo ilikuwa imetumika ng'ambo kabla ya kuletwa huku, sikuiachilia hata kidogo. Muuzaji alipotaka kuiwasha, yeye alishika upande mmoja na mimi nikashika wa pili. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, shati limepigwa pasi vizuri. Hata hilo shati lilinitia shaka.

"Madam, legeza kidogo. Siwezi type hivi," akaniambia.

"Type tu hivyo hivyo."

Skrini ikaanza kuuliza maswali yake. Nakumbuka aliniuliza kama nina email, nikamjibu ninayo lakini hapewi. Akauliza basi aniwekee akaunti ya online ama ile ya hapa tu kwa mashine. Nikamwambia aweke anayoijua yeye, mradi asinibadilishie betri. Macho yangu yote yalikuwa kwenye betri. Akaandika kitu upesi upesi, picha ya milima ikatokea, akasema, "Imeshika. Uko sawa." Nilishuka zile ngazi nimeikumbatia kompyuta yangu, najiona mjanja kweli.

Niliinunua kwa sababu ya mama. Anaishi Mutuini, pembeni mwa jiji, kwenye kishamba chetu. Nyumba yake iko katikati, ng'ombe wawili nyuma, na mbele kuna vyumba vya kupangisha ambavyo ndugu yangu mdogo amevijenga mpaka vimekaribia kuziba mlango wa mama. Mwaka huo mama alikuwa ameanza kusahau. Si mambo makubwa, sufuria kwenye jiko, au siku ya mkutano wa akina mama kanisani. Jumamosi moja nikiwa namenya viazi, alinishika mkono.

"Wewe huko ofisini huandika mambo ya watu," alisema. "Niandikie yangu kabla hayajapotea. Lakini yakae hapa ndani."

Nilimwahidi. Kazi yangu ni ukatibu, na nusu ya mshahara wa katibu ni kunyamaza. Nikawa naenda kila Jumamosi na kompyuta, nikiiunganisha na waifai ambayo ndugu yangu alikuwa amewawekea wapangaji, na mama akizungumza nami nikiandika.

Alinisimulia kwa Kiswahili, si kwa lugha yetu ya nyumbani. Mwanzoni nilishangaa, kisha nikaelewa. Alikuwa amerudi kimawazo Karen, mtaa wa matajiri, jikoni kwa watu, alikofanya kazi akiwa na miaka kumi na saba. Huko ndiko alikomzaa mtoto wa kike. Baba wa mtoto hakumtaja, nami sikuuliza. Mtoto alipofikisha wiki tatu, mama mwenye nyumba alileta watu wakamchukua kwa gari, wakasema wanahamia mbali na mtoto atasoma. "Gari ikatoka geti," mama akasema. "Mimi nikarudi ndani nikaosha vyombo vya lunch." Baadaye akaolewa na baba, akanizaa mimi. Maisha yangu yote nimeitwa kifungua mimba, na nimezibeba lawama zote za kifungua mimba. Niliiandika sentensi hiyo ya vyombo bila kosa hata moja, nikaweka nukta, nikamwuliza, "Halafu?"

Ilikuwa kama wiki ya tano nilipoona faili ambayo si yangu. Ilikuwa orodha ya bei za kukodisha viti na hema. Nikaifuta. Jumamosi iliyofuata nikakuta barua ya mtu anayeomba kazi ya udereva, na picha za milango ya chuma, mmoja una tausi juu. Damu ilinichemka. Nani mwingine anayejenga na kuhitaji milango? Nikatoka moja kwa moja hadi kwa ndugu yangu, aliyekuwa akipaka rangi chumba cha mwisho.

"Umekuwa ukifungua kompyuta yangu?"

"Mimi? Hiyo kitu yako ata kuiwasha sijui."

"Basi milango ni ya nani?"

"Milango gani sasa?" Aliweka brashi chini. "Wewe siku moja utashuku ata kivuli yako."

Sikumwamini. Nilirudi ndani nikakaa mbele ya skrini kama paka mbele ya shimo la panya. Na nikiwa nimekaa hivyo, bila mtu kugusa chochote, picha nyingine ya mlango ikajitokeza yenyewe. Ndipo nilipoogopa. Nikafungua maneno ya mama, nikateremka hadi mwisho wa ukurasa wa tisa. Chini ya neno langu la mwisho kulikuwa na mstari ambao sikuuandika mimi.

Pole sana mama.

Maneno matatu tu. Nikazima waifai, nikaufuta ule mstari, nikayanakili maneno ya mama kwenye flashi na kuivaa shingoni kwa uzi. Mama aliniuliza mbona nimeacha kuandika, nikamwambia kichwa kinaniuma.

Jumatatu saa ya chakula cha mchana nilikuwa kwenye zile ngazi tena. Yule muuzaji alinikumbuka. Nadhani hawapati wengi wanaoshikilia mashine kwa mikono miwili.

"Hiyo ni akaunti ya duka, madam," akasema, bila wasiwasi. "Tunawekanga hiyo moja kwa kila mashine ndio customer asisumbuke. Na wewe si ulikataa kutoa email?"

"Kwa mashine ngapi?"

"Zote za hapa."

Basi yote tuliyoandika, sisi wateja wake, yalikuwa yakimiminika kwenye kapu moja, na kila mmoja akichungulia ya mwenzake. Mwenye viti, dereva, fundi wa milango, na mama yangu akiwa na miaka kumi na saba, ameinamia karai la vyombo. Nilisikia aibu hadi masikioni. Nilikuwa nimelinda betri.

"Kwa hivyo hao watu wote wamesoma vitu zangu?"

"Nani asome, madam? Kila mtu ako na shida zake."

Nilimsimamia akafuta kila kitu changu kwenye ile akaunti, kisha akafuta hata kwenye pipa la vilivyofutwa. Nikamwambia anionyeshe pipa. Lilikuwa tupu. Sikuamini, lakini sikuwa na la kufanya. Kisha akaisafisha mashine na kuianza upya, akakata intaneti, na safari hii alipouliza akaunti gani, nilikuwa nimeshajibu kabla hajamaliza. Ya hapa tu.

"Sawa. Lakini hii ukisahau paswadi usirudi kwangu. Hakuna pahali ingine hizo vitu ziko."

"Hivyo ndivyo nataka."

Nilimwambia ageukie ukuta niandike neno langu la siri. Akageuka, akapumua kwa nguvu ili nisikie.

Sikukusudia kumwambia mama. Lakini Jumamosi nilipoketi kando yake, yeye akichambua maharagwe kwenye ungo, nilikumbuka ahadi yangu. Nikamweleza yote, duka, akaunti na watu wa milango. Nikamwambia sasa nimefunga, hakuna atakayeingia tena. Nikamwomba msamaha kwa sababu mtu asiyejulikana alikuwa amesoma maneno yake hadi mwisho na hata kuandika chini yake.

"Aliandika nini?"

"Ni maneno tu, mama. Niliyafuta."

"Nimeuliza aliandika nini."

"Pole sana mama."

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. Nilijiandaa kwa hasira yake, na ningeistahili.

"Tangu siku hiyo," akasema polepole, "hakuna mtu amewahi kuniambia hivyo. Hakuna mtu alijua. Nani angeniambia?"

Mimi nilijua. Nilikuwa nimejua Jumamosi baada ya Jumamosi, nimeketi hatua moja kutoka kwake, nikisahihisha nukta na mikato, nikimshuku ndugu yangu, nikimwuliza halafu, halafu. Nilijichukia kwa kweli.

"Irudishe," mama akasema. "Iweke pale ilikuwa."

Nikafungua kompyuta. Nilipoandika neno la siri niliziba vidole kwa mkono mwingine, kwa mazoea, hata mbele yake. Nikachomeka ile flashi ya shingoni, nikateremka hadi ukurasa wa tisa, nikaandika yale maneno matatu.

"Macho yangu hayaoni huko," akasema. "Nisomee."

Nilimsomea. Sauti ilinikatika kwenye neno la kwanza, nikaanza tena.