Dominika na Bango la Theluji

Dominika Mtui alizaliwa Marangu, kwenye kihamba cha babu yake, kati ya migomba na kahawa, na hadi leo anaishi hapohapo. Kazi yake ni kuongoza wageni mlimani. Alianza kama mpagazi, akibeba mizigo kwenye njia ileile aliyoipanda baba yake, Sylvanus, kabla magoti ya mzee hayajakataa. Lakini ukimkuta nje ya kanisa baada ya misa, hatakusimulia habari za kilele. Atakuomba simu yako, aigeuzegeuze, aikague mgongoni, kisha akuulize, "Hii ikianguka kwenye mawe ya Horombo kule mlimani, unadhani itapona?"

Ana maneno mengi kuhusu simu, wala hayaonei haya. Simu nyembamba haipendi. Anasema ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayeshinda ofisini. Simu isiyofunguka mgongo ili betri itoke, kwake ni simu ya kukodi hata kama umeinunua. Waliotoa tundu la hedifoni kisha wakaleta hedifoni zisizo na waya, anasema wamekuzibia mlango wako mwenyewe halafu wanakuuzia dirisha. Kava nzuri kwake ni ile ya mpira mnene, mbaya wa sura. Kuhusu kamera za kujisifu, husema mkono ukishatetemeka kwa baridi, zote hupiga ukungu. Chumbani ana laptop kuukuu aliyoibadilisha diski mwenyewe, kwa bisibisi ya cherehani ya marehemu mama yake.

"Mwanamke mzima na vitu vya watoto," shangazi yake Winfrida humwambia.

"Watoto hawawezi kuifungua hii, shangazi," hujibu, na kuendelea kukaza skrubu.

Waongozaji wenzake na wapagazi walizoea kumwuliza kabla ya kununua simu, mpaka akaanzisha kundi la WhatsApp akaliita Simu za Mlimani. Kila akishuka kutoka safari alituma ujumbe wa sauti: simu gani ilivumilia, chaja ipi ilikufa, pawabenki ipi ilikuwa jiwe tu la kuongeza uzito begini. Watu wa Himo wakajiunga, wa Masama wakajiunga, hata walimu na waendesha bodaboda ambao hawajawahi kuukanyaga mlima.

Ndipo Remigius akasikia habari zake. Remigius alikuwa na duka la simu Moshi mjini, karibu na stendi, na alikuwa ameanza kuleta simu mpya iitwayo Theluji. Nje ya duka alitundika bango kubwa: Theluji, haiogopi baridi ya Kilimanjaro. Alipanda hadi Marangu kwa gari lake akiwa na boksi jipya mkononi.

"Dada Dominika, nimekuletea. Ipandishe, uwaambie watu wako."

"Kaka Remi, nitawaambia nitakachokiona."

Remigius akacheka. "Sasa ndiyo maana nimekuja kwako."

Kabla Dominika hajapata nafasi ya kuipima, rafiki yake Fredy, mwongozaji kama yeye, alishaliona bango na kujinunulia Theluji yake. Wakapanda pamoja na kundi moja la wageni. Walipofika Kibo, kituo cha mwisho kabla ya kilele, mgeni mmoja mama akaanza kuyumba kama mlevi na kushindwa kutamka maneno. Fredy alikuwa naye nje ya kibanda. Akatoa simu apige kituo cha Horombo, chini yao, walete machela wakutane njiani. Ilikuwa imezima. Asubuhi ileile alikuwa ameiona ina chaji zaidi ya nusu. Akaibonyeza, akaipuliza, ikabaki nyeusi. Dominika alikuwa mbali, nyuma, na wagonjwa wa tumbo. Ikabidi mpagazi mmoja akimbie kushuka kwa miguu, na Fredy akamshusha yule mama akimkokota bega kwa bega hadi machela ilipotokea.

Mama alipona. Ugonjwa wa mwinuko dawa yake ni kushuka chini, na walimshusha mapema. Lakini Dominika alipofika Horombo na kusikia yaliyotokea, akaitoa Theluji aliyopewa yeye. Nayo ilikuwa imezima. Akaiweka tumboni chini ya fulana mpaka ikapata joto, ikawaka, ikaonyesha chaji imejaa vizuri tu. Akaishika hiyohiyo akarekodi.

"Hii ni Dominika. Bango la Moshi linasema Theluji haiogopi baridi. Inaiogopa. Imezima Kibo ikiwa na chaji, na mtu alikuwa anaihitaji. Aliye nayo aifiche kifuani, na ambaye hajanunua asinunue kwa sababu ya bango."

Hakutaja duka. Haikusaidia, maana bango lilikuwa moja tu mjini. Kabla hajafika geti la hifadhi, ile sauti ilishazunguka Himo yote. Remigius akapiga.

"Mdogo wangu, nilikupa zawadi, wewe umenipa sumu."

"Njoo uchukue boksi lako, kaka. Lipo mezani."

"Sitaki boksi. Futa ile sauti."

"Nimesema uongo wapi?"

"Kila simu inazima kwenye baridi ile."

"Basi andika hivyo kwenye bango."

Remigius hakupiga tena. Alikwenda kwa Isack, mwenye kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi Dominika, ambaye Remigius alisoma naye na kuimba naye kwaya moja. Isack akamwita Dominika ofisini, akamwagizia chai, akaongea kwa upole kama mtu anayeomba chumvi.

"Dominika, wewe ni mwongozaji mzuri. Mambo ya simu yana wenyewe. Futa, yaishe."

"Mgeni wako ndiye aliyekuwa anakokotwa, bosi."

"Na amepona. Sasa unataka nini?"

"Sitaki kitu. Sifuti tu."

Isack akamuaga kwa adabu. Safari iliyofuata Dominika hakuitwa. Iliyofuata hiyo pia hakuitwa. Akashinda kihambani akipogoa kahawa na kukata majani ya ng'ombe. Kwenye kundi, watu wasiomjua wakaanza kuandika kwamba mwanamke anajua nini kuhusu betri, kwamba amelipwa na duka jirani na la Remigius, kwamba arudi jikoni. Aliwajibu wote kwa maneno yaleyale: sauti ipo, isikilizeni tena.

Jioni moja baba yake, aliyekuwa akimenya ndizi za mtori, akaweka kisu chini.

"Mwanangu, simu zinakuja na kuondoka. Kazi je?"

"Baba, wewe ulikuwa unapanda na viatu gani?"

"Vya mitumba. Kimoja kilikuwa kikubwa kuliko kingine."

"Mtu angekuambia vile viatu haviogopi theluji, ungemfanya nini?"

Mzee akaokota kisu, akaendelea kumenya. "Ningemvalisha yeye, nimpeleke juu," akasema.

Dominika akainuka, akachukua simu, akarekodi palepale jikoni. "Kaka Remigius, Desemba kuna msafara wa Watanzania wa kuadhimisha Uhuru. Njoo tupande wote. Lete Theluji yako, mimi nitaleta simu yangu. Zitakaa Kibo pamoja, watu waone." Sauti ikaenda, na mjini watu wakaanza kumwuliza Remigius dukani kama ameshanunua buti. Alivumilia wiki nzima ya utani, kisha akajibu kwa neno moja: nakuja.

Alikuja kweli, na koti jipya lenye lebo. Hakuwahi kuvuka Mandara, kituo cha kwanza, maisha yake yote ingawa amezaliwa Kibosho, chini ya mlima huohuo. Dominika alipata kazi ya kuongoza kwenye msafara huo kupitia kampuni nyingine, na Fredy alikuwepo. Njiani hawakugombana. Remigius alipoanza kuumwa kichwa, Dominika alimpunguzia mwendo, akamnywesha maji hata asipotaka, akambebea begi.

"Hapa unanihudumia ili nisife kabla hujanishinda," Remigius alisema, midomo imepasuka.

"Nakuhudumia kwa sababu ni kazi yangu. Na ukianza kutapika nakushusha, simu zako hatupimi."

Hakutapika. Wenzao walipokwenda kileleni, wao watatu walibaki Kibo. Alfajiri wakaweka simu mbili kwenye benchi la mbao nje, zote zimejaa chaji, zote zikirekodi video ya jua likitokea nyuma ya kilele cha Mawenzi. Ya Dominika ilikuwa ile aliyoisifia miaka yote: nene, nzito, mgongo unafunguka. Upepo ulikuwa unakata masikio. Fredy alisimama kama refa, mikono kwapani.

Ya Dominika ikazima kwanza.

Remigius akacheka mpaka akakohoa, akashika ukuta. Dominika akaibonyeza simu yake. Fredy akageukia upande mwingine. Kisha, kicheko hakijaisha, Theluji nayo ikazima.

"Hatujaona kitu," Remigius akasema taratibu. "Yako imekufa, yangu imekufa. Tushuke, kila mtu anyamaze. Wewe unalinda jina lako, mimi langu."

Dominika akaichukua simu yake, akaisukuma ndani ya nguo mpaka kwenye ngozi. Akakaa nayo pale benchini akitetemeka mpaka ikawaka. Akarekodi, Remigius akiwa amesimama mbele yake.

"Hii ni Dominika, niko Kibo. Simu yangu ninayoipenda imezima kwanza, mjue hivyo. Theluji imefuata. Hakuna hata moja iliyoishinda baridi. Anayepanda aweke simu kifuani, abebe na redio ya mawasiliano, asimwamini mwenye bango, wala asiniamini mimi bila kupima."

"Ungeweza kunyamaza," Remigius akasema.

"Na wewe ungeweza kuondoa bango."

Walishuka bila maneno mengi. Wiki iliyofuata Dominika alikwenda Moshi kununua memori kadi, akapita mbele ya duka. Bango lilikuwa bado lipo, ila neno Kilimanjaro limefunikwa kwa karatasi nyeupe. Sasa lilisomeka "Theluji, haiogopi baridi ya", basi, limeishia hapo. Akalipiga picha, akaituma kundini bila kuandika neno.

Isack alimpigia mwezi Januari. Kuna kundi la akina mama lilikuwa linataka mwongozaji mwanamke.

"Nakuja," Dominika akasema, "lakini zile sauti hazifutwi."

"Mimi nimezitaja?"

"Nakueleza kabla hujazitaja."

Akapanda na wale akina mama, akawaamuru wote waweke simu ndani ya nguo. Alipofika nyumbani alikuta kondakta wa gari la Moshi ameacha boksi kwa baba yake. Ndani mlikuwa na pawabenki mpya, bado ina plastiki. Hajamaliza kuitazama, Remigius akapiga.

"Umeipata? Hiyo ipime. Lakini safari hii ukiona kibaya, nipigie mimi kwanza."

"Nitaliambia kundi kwanza, kaka," Dominika akasema, akachukua bisibisi aone kama inafunguka.