Kaa Kwanza, Ndipo Nikuchekeshe

Saa mbili asubuhi jua limeshapanda Bangwe, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na Nasma Gharib anageuza dagaa mchangani. Hatumii ufagio. Anapiga magoti, anapitisha viganja chini yao, anawainua kidogo na kuwaachia. Waliolalia ubavu wa kulia sasa wanalalia wa kushoto.

Shoga yake Eufrasia anakuja na ndoo kichwani. Midomo yake inaonyesha ana neno, lakini halisemi.

"Kaa kwanza," anamwambia.

Nasma anakaa, anakusanya kanga magotini, anaegemea gunia. Ndipo Eufrasia anasema, "Usingizi wangu umeuchukua wote, shoga. Nirudishie japo kibaba."

Nasma anacheka. Kicheko hakijafika mwisho, kidevu kinashuka kifuani, mikono inalegea, dagaa waliokuwa kiganjani wanamwagika. Mgeni angepiga yowe. Eufrasia anatua ndoo, anamfukuzia nzi usoni, anasubiri. Haipiti dakika moja, Nasma anainua kichwa na kukimalizia kicheko chake pale alipokiacha.

Hapa ufukweni hakuna anayeshangaa tena. Yeyote mwenye mzaha humwambia akae kwanza.

Lakini leo Nasma hageuzi dagaa kwa utulivu. Kila injini ikilia anatazama majini. Bintiye Shadya, aliyeolewa Mwamgongo, anatarajia kujifungua mtoto wa kwanza mwezi huu wa Agosti, 1998. Kwenda huko ni kwa boti, na Nahodha Feliksi alishakataa kumpakia. Leo ameahidi kuleta jibu la mwisho.

Nasma ana miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Ujiji. Maradhi yalimwanza miaka saba iliyopita. Alisinzia akila, akasinzia akishona ukili, akaota ndoto na sindano ingali mkononi. Baadaye kikaja hiki cha kulegea akicheka.

Wakati huo alikuwa mkaangaji wa dagaa kwa mafuta ya mawese. Siku moja mwaka 1995 mtu akatoa mzaha, Nasma akaishiwa nguvu, mkono wa kushoto ukatumbukia karaini. Kovu linaanza kifundoni mpaka kwenye kiwiko. Alikaa miezi minane bila kazi, ndipo akahamia kuanika.

Wengine walisema jini, wengine kifafa. Vidonge vya kifafa alivyopewa vilimzidishia kulala. Maalim Mwinshehe alimsomea dua, kisha yeye mwenyewe akawaambia ndugu: dua nimesoma, sasa tafuteni na tabibu.

"Na wengine walisema uvivu," anasimulia Nasma. "Hilo liliniuma kuliko mafuta."

Eufrasia alivuka ziwa kutoka Burundi mwaka 1996, usiku, na watoto wawili, akapokelewa na jamaa zake Ujiji. Tangu hapo halali mpaka majogoo. "Nikifumba macho nasikia injini ya boti ile," anasema. Mchana kichwa kinamgonga, na husahau hata jina la mtu aliyemsalimu jana. Alipopata kibarua Bangwe akawekwa jirani na Nasma, na kwa kuwa yeye yu macho siku zote, akawa anawafukuza kunguru kwenye dagaa wa mwenzake aliyelala. Hivyo ndivyo walivyoanza urafiki.

Ni yeye aliyemkokota Nasma mpaka kwenye zahanati inayohudumia wakimbizi, kwa Tabibu Bonifasi, mtu mpole aliyezoea kusikiliza habari za usingizi. Anasema wagonjwa wake wengi huja wakilalamikia kichwa au moyo kwenda mbio, akiwauliza wanalalaje, ndipo maneno yanapotoka. Wapo wanaokoroma mpaka pumzi inakatika, na wengi wao shinikizo la damu liko juu. Wapo kama Eufrasia.

Kwa Nasma, tabibu aliuliza swali moja tu: akianguka, anasikia?

"Nasikia kila neno," Nasma alijibu. "Hata wanaonisengenya."

Tabibu akaweka kalamu chini. Mwenye kifafa cha kuanguka, alimweleza, kwa kawaida hajui kilichopita. Huu si malale ya mbung'o, ni ugonjwa wa usingizi wenyewe, unaomvamia mtu mchana na kumlegeza akicheka. Dawa zake hazipatikani Kigoma. Akampangia kulala robo saa mara mbili kila mchana, na asikae peke yake karibu na moto wala maji. Eufrasia naye aache chai ya rangi jioni, aamke saa ileile kila siku, na aje kila wiki wazungumze.

Saa nne Nahodha Feliksi anafika, kofia mkononi. Huyu ndiye mcheshi kuliko wote pwani hii, na ni katika boti yake Nasma alicheka mwaka jana akaanguka. Abiria walidhani amekufa, wakakimbilia upande mmoja, boti ikanusurika kupinduka.

"Shikamoo, Mama Shadya."

"Marahaba, Nahodha. Sema tu."

Anaeleza taratibu kwamba ameongea na Tabibu. Nasma atakaa chini kabisa kati ya magunia, siyo juu ya ubao, na Eufrasia ubavuni mwake. Abiria wataelezwa kabla ya kung'oa nanga, ili asikimbie mtu. Safari ni Alhamisi.

Eufrasia hajapanda boti tangu usiku ule. "Ego, ndiyo, nitakwenda," anasema. "Yeye akilala, nani atamwangalia?" Kisha anamgeukia nahodha. "Na wewe, na mdomo wako huo?"

"Mimi nitanyamaza mpaka Mwamgongo."

"Saa tatu nzima?" anauliza Nasma. "Utapasuka, baba."

Anakihisi kinakuja. Bila kuambiwa anajishusha mchangani, anaegemea gunia, ndipo anakiachia. Kidevu kinashuka. Mara hii Feliksi hashtuki. Anachuchumaa, anamkingia jua kwa kofia yake, mpaka macho yafumbuke.

"Umesikia nilivyosema kuhusu safari?" anamuuliza.

"Nimesikia. Alhamisi."

Mfuko wake uko tayari tangu wiki iliyopita: kanga mbili laini za kumfungia mtoto, sabuni, na dagaa wakavu aliowachagua mmoja mmoja. Mama wengine hurudi kwao baada ya siku arobaini za uzazi. Yeye hana haraka.

"Arobaini ni ya mama yake," anasema. "Mimi nitakaa mpaka mtoto ajue kucheka. Huyo siwezi kumwambia asubiri. Nitakaa chini kwanza, nimpakate, halafu anichekeshe mpaka achoke."