Lebo za Konokono wa Kigongo

Tulikuwa wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu, tumepelekwa wiki nane kwenye kituo cha utafiti kando ya ziwa, na nafasi ya kubaki kwenye mradi ilikuwa moja. Dokta aliyetusimamia alilisema hilo siku ya kwanza, kisha akatugawia buti za mpira.

Kazi ilikuwa kuokota konokono wanaobeba kichocho. Mimi nilipewa fukwe za karibu na mjini, mwenzangu akapewa upande wa Kigongo. Unawatia kwenye chupa ya spiriti, na humohumo unatumbukiza kikaratasi chenye jina la mahali na tarehe. Bila kikaratasi hicho, konokono hana faida kwa mtu yeyote.

Wiki ya kwanza, mwenzangu akiwa ameomba ruhusa kwenda Buhongwa kutafuta chumba, fundi wa maabara aliniambia, "Mjukuu, andika kwa penseli. Spiriti inakula wino."

Kesho yake mwenzangu alinikuta nachonga penseli. "We Msukuma, bado uko la kwanza? Sisi Wahaya tunazaliwa na kalamu ya wino mfukoni!"

"Na maneno mengi mdomoni," nikamjibu. Tukacheka wote.

Sentensi moja ingetosha. Mimi, ambaye nyumbani huwaelekeza wadogo zangu hesabu mpaka wasinzie, niliendelea kuchonga. Wiki sita nilimtazama akiandika kwa mwandiko wake mzuri wa bluu, akifunga chupa na kuzipanga kwenye maboksi.

Wiki ya saba Dokta alifungua maboksi. Spiriti ya mwenzangu ilikuwa na rangi ya bluu. Vikaratasi vilikuwa vyeupe.

"Hawa ni wa wapi?" Dokta aliuliza, akitikisa chupa.

Mwenzangu akageuza chupa moja baada ya nyingine, akitafuta hata neno moja.

"Basi ni supu. Mwaga."

Nilimsaidia mwenzangu kumwaga. "Asante dada," alisema, "mwingine angenicheka." Akaniuliza kosa lilikuwa wapi hasa. Nikamweleza polepole, kwa raha kabisa: spiriti huyeyusha wino, lakini alama ya penseli ni unga mkavu, hauyeyuki. Akaandika kwenye daftari.

"Hili ulilijua lini?"

"Wiki ya kwanza," nikasema, maana nilikuwa bado naeleza.

Alifunga daftari, akanawa mikono, akatoka.

Ijumaa nilipewa nafasi. Yeye alikuwa ameshaondoka, na kabla ya kuondoka alimuaga fundi tu. Nilifanya kazi na yule mzee mwaka mzima uliofuata. Shikamoo yangu aliiitikia kila asubuhi. Kunielekeza kitu, hakunielekeza tena.