Chumvi Ifike Mfupani

Nakumbuka siku aliyozaliwa mdogo wetu wa mwisho, mwanangu, na mpaka leo kwangu siku hiyo inanuka samaki. Usicheke kwanza, nisikilize.

Tulikuwa Saadani, enzi za Mwingereza. Mama alishikwa na uchungu alfajiri, na bibi yetu mzaa baba, ambaye ndiye aliyekuwa mkunga, akajifungia naye chumbani. Jua lilipopanda, baba akarudi kutoka baharini na pakacha zima la kolekole, kitoweo cha mama kwa siku zake arobaini za uzazi. Akalitua uani, akauliza hali, akaambiwa bado, akaenda msikitini kuomba dua. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuwa na habari za samaki kwenye jua la Saadani. Wale wakiharibika, mzazi angeshindia uji mtupu.

Sasa bibi alikuwa na mchezo wake. Kila alipokausha samaki alitupa mimi na kaka yangu Shomari vibua vidogo na kisu butu. Tuwapasue mgongoni, tutoe matumbo, tuwaoshe kwa maji ya bahari, tuwatie chumvi, tuwaanike. "Aliyeozesha wake hagusi wa mwenzake," alisema, na kweli Shomari aliwahi kula ugali mkavu huku mimi natafuna mbele yake bila huruma.

Basi siku hiyo hatukungoja kutumwa. Tulikuwa tumeshapasua nusu ya pakacha alipotoka shangazi Mwanahawa, dada yake baba, aliyekuja kutoka Bagamoyo mjini kusaidia. Kwake mtoto na kisu havikai pamoja. Akatunyang'anya visu, akatuambia tumngoje bibi. Shomari, asiye na haya, akaenda chini ya dirisha la mzazi.

"Bibi, shangazi katuzuia. Na sisi tumefika kwenye chumvi."

"Waache, Mwanahawa," bibi alijibu kutoka ndani. "Mikono yangu ina kazi."

Kisha ikaja sauti ya mama, katikati ya uchungu wake. "Chumvi ifike mfupani, Shomari. Hapo ndipo panapoanza kuoza."

Shangazi, aliyekuwa amenuna, alicheka mpaka akakaa chini. Akaturudishia visu, naye akachota chumvi, sisi tukimwelekeza. Kufika adhuhuri kolekole wote walikuwa juani, na kabla ya alasiri mtoto akalia ndani.

Mama aliwala ng'onda wale akiwasifu kuliko walivyostahili, maana chumvi tulizidisha. Jioni moja akaniambia, "Siku ile niliogopa, nilidhani sitoki mle chumbani. Niliposikia mnaulizia chumvi, nikasema moyoni, hata nikienda, wanangu hawatalala njaa. Hapo ndipo nilipopata nguvu."

Mwanangu, samaki mkunje angali mbichi. Watoto wako wanakuzunguka jikoni nawe unawafukuza kwa mwiko, wasije wakaharibu. Waache waharibu kidogo, upo uwaelekeze. Mpe mmoja muhogo aumenye na kuuanika, uwe makopa yake mwenyewe. Mwingine mpe kunde azichanganye na majivu makavu, na umwambie kwa nini, wadudu hawayapendi. Usingoje siku ambayo mikono yako imeshikwa.

Mola akupe umri, akujazie kheri nyumbani mwako, na siku utakapolala huna nguvu, akuondolee hofu ya njaa ya wanao. Amina.