Madoa ya Buluu Kwenye Shati la Katibu

Mdogo wangu wa kike alikuwa kidato cha nne, na mimi nilikuwa dobi mtaani Mwembesongo. Niliacha shule darasa la sita, mwaka ambao mama alimfuata baba kaburini. Mjomba alishuka kutoka milimani akataka kutugawa: mimi nibaki mjini nitafute kazi, mdogo wangu apande naye akalelewe na bibi. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, kwa hiyo nilimjibu nikiwa nimeinamisha macho. Nilimwambia tutakaa pamoja, na huyu atasoma. Akasema basi atakuwa anatuletea muhogo. Akatuletea, miaka yote.

Muhogo huo tuliula, na mwingine niliutwanga unga nikapikia uji mwepesi wa kutia kwenye mashati ili kola isimame. Sabuni wakati ule ilikuwa ya kupangia foleni kwenye duka la ushirika, na ilipokosekana nilifua kwa majani ya mpapai. Wanga sikuwahi kukosa, na ndio ulioniletea nguo za maofisa.

Mwaka ule chuo kimoja cha uuguzi kilitangaza nafasi. Mwombaji alitakiwa kufanya mtihani wa kuingia, wa kuandika na wa vitendo, na fomu yake iwe na barua ya tawi la chama inayoeleza mwenendo wake na kushiriki kwake kazi za kujenga taifa. Mtihani haukunitisha, maana nilimjua mdogo wangu. Barua ndiyo ilinitisha. Kila Jumamosi asubuhi tawi letu lilichimba mtaro wa kuzuia maji ya mlimani yasiingie mtaani, na yeye hakufika hata siku moja. Mimi ndiye niliyemwambia abaki na vitabu, nikachukua jembe nikaenda. Halafu nikasikia Katibu wa tawi amesema hamwandikii mwanafunzi ambaye hakumwona mtaroni kwa macho yake.

Nilimfuata. Hakukubali, hakukataa. Alisema Ijumaa baada ya sala atapitia shati lake jeupe, kwa kuwa jioni ana wageni kutoka mkoani. Niiweke fomu karibu, ataona. Siku hiyohiyo, kabla ya saa tisa na nusu, fomu ilitakiwa iwe mezani kwa mkuu wa shule.

Wiki ile nyumba yetu ilinuka zahanati. Shuleni kwao aidini, ile dawa ya vidonda ya rangi ya kahawia, ilikuwa haba hata mwalimu alifanya jaribio la kupima wanga mara moja tu, yeye mwenyewe, darasa zima likitazama. Mdogo wangu hakuwahi kuishika. Akaenda kuomba zahanati, wakampa mabaki ya chupa, akawa anayachanganya na maji katika kikombe cha bati na kudondoshea kila kitu kilichoingia ndani. Ugali uligeuka buluu nyeusi. Papai halikugeuka, dagaa hawakugeuka. Alinieleza mpaka nikaelewa: palipo na wanga ndipo rangi hubadilika. Nilimwambia akithubutu kugusa sufuria yangu ya uji nitampeleka kwa mjomba kwa miguu.

Hakuigusa. Kosa lilikuwa langu.

Ijumaa nilibakiza shati la Katibu mwisho. Nilikuwa nimelitia wanga na kulianika tangu asubuhi, limekauka limekuwa gumu kama kadibodi. Kabla ya pasi ya mkaa ni lazima ulinyunyizie maji lilainike, na kopo langu la kunyunyizia lilikuwa tupu. Kwenye dirisha kulikuwa na kikombe cha bati chenye maji. Nikayamimina koponi bila kuyatazama, nikanyunyiza.

Mdogo wangu aliingia na fomu mkononi. "Kaka, kikombe changu kiko wapi?"

Nilimwonyesha kwa kidevu. Ndipo wote wawili tukaliona shati. Kifua kizima kilikuwa na madoa ya buluu, kama mtu aliyepata ndui. Nilimwambia maneno ambayo mpaka leo sipendi kuyakumbuka, kwamba nimemsomesha ili aje kuniharibia kazi. Nilichukua pasi nikaikandamiza, na madoa yakapotea. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

"Yatarudi," akasema. "Joto linaiondoa rangi. Likipoa inarudi."

Likapoa. Yakarudi, moja baada ya jingine.

Hapo nikaacha kufikiria shule yake nikafikiria kazi yangu. Doa la kutu huliondoa kwa ndimu. Hili halikuwa la kutu, lakini ndimu ndicho kitu nilichokuwa nacho. Nikakata moja, nikaisugua kwenye doa la pembeni, likafifia, likaondoka. Tulilitandika shati mezani, yeye upande wake na mimi upande wangu, tukakamua ndimu zote nilizokuwa nazo. Kisha nikalisuuza na kulipiga pasi. Tuliliacha lipoe, naye akaweka kiganja kifuani mwa shati kama anayesubiri mapigo. Likabaki jeupe.

Katibu alifika shati limepoteza wanga wote, kola imelala. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akaishika ile kola kwa vidole viwili.

"Dobi, leo shati langu limefunga saumu?"

Ningeweza kumwambia muhogo umeisha. Lakini nilikuwa karibu kumwomba aandike habari za mwenendo wa mtu, nikaona haya. Nikamweleza yote, kikombe, kopo, madoa na ndimu. Mdogo wangu akasogea mbele.

"Ndugu Katibu, na mtaroni sikuja. Kaka ndiye aliyekuja badala yangu."

Nilitamani kumziba mdomo. Katibu alivuta kigoda akaketi, akafungua mkoba wake, akatoa daftari.

"Wewe sikukuona, ni kweli. Lakini mimi nahesabu majembe, binti, na majembe nayahesabu kwa nyumba." Akafunua ukurasa. "Nyumba yenu haikukosa jembe Jumamosi hata moja. Kuna nyumba hapa zina wanaume wanne na sijaona hata mpini."

Akaandika pale pale juu ya meza yangu ya pasi, taratibu, akagonga mhuri. Alipomaliza alimwambia mdogo wangu kwamba mtaro bado haujafika barabarani, na wauguzi nao wana mikono. Kesho yake Jumamosi alikwenda mtaroni yeye mwenyewe. Mimi nilibaki nikipiga pasi, nikimsikiliza kwa mbali akiamkiana na majirani.

Fomu alikuwa ameifikisha Ijumaa ileile kwa mbio, daftari zikimdunda mgongoni, saa tisa na robo. Siku ya mtihani wa vitendo nilimngoja nje ya ukumbi. Walitoka wengi wakibishana majibu. Yeye alitoka wa mwisho, akanionyesha tu ncha za vidole vyake. Zilikuwa buluu nyeusi.

Nilikuwa na ndimu mfukoni. Tukaenda nayo mpaka bombani.