Timu ya Ashraf na Watu wa Ng'ambo

Ashraf anauza vipuri vya malori hapa Tunduma, duka linalotazama foleni ya kwenda Zambia. Alikuja kutoka Tanga miaka ya tisini akiwa kijana, na ndani ya mzigo wake wa kwanza, katikati ya nati na mikanda ya injini, alileta kibao cha kupigia kriketi. Tulimcheka sana. Mji unajua kandanda na kubadilisha kwacha, yeye anatuletea kibao.

Aliyemsikiliza wa kwanza ni Sikanyika, wakala wa forodha wa Nakonde, mji wa pili wa mpaka upande wa Zambia, Mzambia mnene aliyeucheza mchezo huo shuleni. Akaja na wenzake. Upande wetu tulijitokeza mimi, fundi Lwitiko, na madereva waliokwama kwenye foleni. Jumapili tulicheza kwenye uwanja wa shule ya msingi. Sikanyika ndiye aliyeleta kwa baiskeli udongo wa kichuguu kutoka kwao, tukaushindilia katikati ya uwanja ili mpira udunde vizuri. Mimi nilikuwa hovyo, wakaniweka karibu na barabara niokote mipira. Nani Mzambia, nani Mtanzania, hakuna aliyeuliza. Mpaka kwetu ni uchochoro nyuma ya maduka. Watu huuvuka na ndala kwenda kununua sukari.

Ashraf alitaka kitu kimoja tu: kucheza mechi halali, yenye waamuzi, kabla goti lake halijamgomea. Miaka nenda rudi aliwapigia simu wakubwa wa kriketi Dar es Salaam. Walimjibu kwamba mashindano ni ya timu za huko, mechi inachukua siku nzima, na mikoani hakuna wachezaji. Halafu mwaka 2012 wakapanga mashindano upya. Kutakuwa na ligi fupi ya mikoa, ova ishirini kila upande, kila ova mipira sita ya kurushwa, mechi inaisha kwa saa chache. Mkoa wetu, wakati huo bado Mbeya, tungeuwakilisha sisi. Siku hiyo Ashraf alifunga duka mchana, malori yamejaa nje, akatununulia soda.

Akaja ofisa wao wa kriketi kututazama. Sikanyika alipoupiga mpira ukavuka paa la shule, ofisa alipiga makofi, akamwita.

"Unakaa wapi, mzee?"

"Hapo ng'ambo tu, mukwai. Nakonde."

Alijibu kwa fahari na kwa adabu ya kwao, na Ashraf alisimama pembeni anatabasamu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona tatizo. Ndivyo tulivyo watu wa mpakani, wajinga wa jambo hilo moja. Ofisa akawauliza na wengine, kisha akasema kanuni hairuhusu: anayeuchezea mkoa awe Mtanzania.

Lwitiko alitaka tuwape majina ya huku. Kabila la Wanamwanga liko pande zote mbili za mpaka, nani angejua? Ashraf alikataa katakata.

"Sikanyika ni Sikanyika," alisema. "Siwezi kumwita jina la mtu mwingine ili mimi nicheze."

Akavuka mwenyewe kwenda kumweleza. Sikanyika alimsikiliza hadi mwisho.

"Sawa, Ba Ashraf. Chezeni."

Jumapili iliyofuata hakuja mtu kutoka ng'ambo.

Nafasi zao tulizijaza kwa waendesha bodaboda na wapakia mizigo ambao hawakuwahi kushika kibao. Tulisafiri hadi Iringa, wapigaji wetu wote wakatolewa kabla hata nusu ya ova zetu haijafika. Mechi ya pili ilikuwa vilevile, na goti la Ashraf likavimba. Mwaka uliofuata wakapunguza mikoa, wetu ukakatwa. Eti kiwango kiko chini. Ningempata yule ofisa ningemuuliza kiwango alichokipigia makofi nani alikifukuza.

Ashraf alivuka tena kuwaomba waje Jumapili kama zamani, bila ligi. Sikanyika alimpa chai, wakazungumza bei ya dizeli. Ashraf alipogusia kriketi, mwenzake alijibu taratibu.

"Pale tulishaambiwa si kwetu, Ba Ashraf."

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Siku hizi Ashraf huenda uwanjani peke yake. Hurusha mpira, unadunda kwenye ule udongo wa kichuguu, unabingirika hadi barabarani, naye anachechemea kuufuata. Inaniuma kumwona. Jumapili iliyopita nilikwenda kusimama mahali pangu pa zamani, nikamwokotea.

"Rusha tena," nikamwambia.

Aliupokea, akaufuta kwenye suruali, akautazama ule upande alikozoea kusimama Sikanyika na kibao.

"Nimrushie nani?" akasema, akautia mfukoni.