Jani la Ma Saroja

Iko siku moja, mwanangu, ambayo ikinijia nikiwa naosha vyombo, mikono yangu inasimama yenyewe ndani ya maji. Ni siku niliyomkosea mwanamke mzee hapa hapa Durban, kule Sydenham. Sikumwibia wala sikumtukana. Nilikunja jani lake la chakula, basi. Ukicheka sikulaumu, maana hata mimi siku ile niliona ni jambo dogo. Kaa kidogo nikueleze.

Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwembamba (usitabasamu), mwepesi wa mguu na mwepesi zaidi wa mdomo. Nilikuwa nimetoka Uvira na mume wangu, tumepanga chumba mjini kwenye nyumba iliyojaa Wakongomani wenzetu. Siku za kazi nilisuka nywele saluni. Mwisho wa wiki nilichukua kibarua chochote kilichopatikana, na ndivyo nilivyofika kwenye ukumbi wa hekalu la Wahindu, jikoni kwa Anti Rani. Huyo mama sauti yake ilikuwa ya ajabu. Akiita jikoni, mtu anayesubiri robot, taa ya magari, iwe kijani kule barabarani alikuwa anageuka.

Anti Rani na wenzake walikuwa wameamua kwamba kila mwaka, Jumapili moja kabla ya Diwali, wajane wa mtaa waalikwe kula pamoja. Si kugawiwa chakula mlangoni na kuambiwa pole. Wakae mezani, wavishwe bangili, wapewe maua ya asmini ya kutia kwenye nywele, na nyimbo ziimbwe. Alinielewesha huku tunamenya viazi. Katika nyumba nyingi za wazee wao, si zote, mwanamke akifiwa na mume alivuliwa bangili, akafutwa ile alama nyekundu ya kwenye paji la uso, na maua hayakugusa tena nywele zake. Harusini alikaa nyuma kabisa, asije akamletea bibi harusi mkosi.

"Wanapika harusi nzima," Anti Rani aliniambia, "halafu wao wanakula jikoni wamesimama. Mwaka huu watakaa."

Huo ulikuwa mwaka wa kwanza.

Chakula kilipakuliwa juu ya majani ya mgomba. Kwetu jani la mgomba tunafungia samaki au tunafunikia sufuria, kisha linatupwa, kwa hiyo nilipoona meza zote zimetandikwa majani mabichi nilisikia harufu ya nyumbani. Kulikuwa na wali, dengu, maboga, bilingani, achari ya embe, na mwisho tambi tamu za maziwa. Nyama hakuna. Kabla hatujaanza kugawa, Anti Rani alitupa sheria moja tu. Alisema mtu akishiba atalikunja jani lake mwenyewe, kuelekea kwake, kuonyesha ameridhika na anaomba furaha irudi tena. Jani ambalo halijakunjwa, tusiliguse. Nikaitikia, "Sharp, sharp, Anti," nikaondoka na ndoo yangu ya dengu. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Sasa nikuambie kwa nini nilikuwa na haraka, maana hapo ndipo panaponiuma. Mama yangu alikuwa Uvira, mjane wa mwaka mmoja. Baba alifariki nikiwa huku, sikumzika. Simu za mkononi hazikuwa za kila mtu wakati ule. Kila Jumapili saa kumi mama alikwenda kwa jirani mwenye simu, na mimi nikaenda kwenye duka la simu la ndugu yetu mmoja mjini, tukaongea dakika chache. Nikichelewa, mama alikuwa anakaa pale kwa jirani anatazama simu ya watu.

Ilipofika saa tisa wale wamama walikuwa wanakunja majani yao mmoja mmoja, wanainuka, wanakwenda kukaa karibu na waimbaji. Saa tisa na nusu mezani akabaki mmoja. Aliitwa Ma Saroja. Alikuwa mdogo wa mwili, sari nyeupe, na bangili mpya za kijani zilikuwa zinateleza kwenye mkono wake mkavu mpaka kwenye kiwiko. Jani lake lilikuwa tupu, hata punje ya wali haikubaki. Ameweka mikono pande zote mbili za lile jani, anasikiliza nyimbo.

Nilipita mara ya kwanza. Nikapita ya pili, nikakohoa. Eish! Teksi ya mjini, ile basi ndogo ya abiria, haikuwa inaningojea mimi. Mara ya tatu niliinama, nikasema kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, "Umemaliza, Ma?" na sikungoja jibu. Nilishika upande wa jani uliokuwa karibu naye, nikalikunja kwenda mbali naye, nikalitia kwenye ndoo ya takataka.

Ma Saroja alitazama mahali jani lilipokuwa. Halafu akanitazama mimi. Alivua zile bangili, moja baada ya nyingine, akazipanga mezani, akachomoa asmini kwenye nywele akaiweka juu yake, akainuka na kutoka nje. Waimbaji walinyamaza.

Anti Rani alinivuta jikoni. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya chini.

"Unajua umefanya nini?"

"Nimesafisha meza, Anti."

"Kukunja jani kwenda mbali na mtu ni kwa matanga. Tukitoka kuzika ndivyo tunavyokunja. Miaka thelathini huyu mama hajakaa kwenye meza ya furaha. Leo amekaa, na wewe umemgeuzia kuwa msiba."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini wacha nikuambie ukweli wote, mwanangu, maana sitaki ujifunze kwa mtu aliyejipaka mafuta aonekane msafi: hata hapo, huku nasemwa, nilichungulia saa ya ukutani. Kisha nikakimbilia teksi.

Mama alikuwa amefika kwa jirani. Tulisalimiana, akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula kwa Wahindi, chakula kitamu sana. Akauliza, "Na nani?" Nilikuwa nimekula jikoni, nimesimama, peke yangu. Ili nisijibu nikamrudishia swali.

"Na weye, mama, unakulaga na nani?"

Alicheka kidogo. "Nakulaga wima, mwanangu. Tangu baba yako aende, nikikaa mbele ya sahani peke yangu naona haya. Nachota kwenye sufuria, nakula wima, naosha kijiko."

Nililia palepale, simu mkononi, mbele ya watu waliokuwa wanangoja zamu yao. Mwenye duka alifikiri nimepewa habari ya kifo, akakataa hata kupokea pesa yake. Nilikuwa nimemnyanyua mama wa watu mezani ili niwahi kumsikia mama yangu akiniambia hana meza.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba Anti Rani anielekeze kwa Ma Saroja. Njiani niliona nyumba yenye migomba uani, nikapiga hodi, nikaomba jani moja. Nilipanda nalo kwenye teksi, abiria wakanicheka mpaka nashuka.

Ma Saroja alifungua mlango nusu. Kiingereza chote nilichokipanga kilipotea. Nilisema tu, "Ma, nisamehe," nikamnyooshea jani.

Alilitazama. "Umeleta jani. Chakula kiko wapi?"

Nikamwambia sikujua kama atakubali kula chakula cha mkono wangu.

"Ingia," akasema. "Na viatu uvue."

Alipika yeye. Alilikata jani vipande viwili, kimoja changu na kimoja chake, akapakua wali na dengu, tukala kwa mikono bila maneno mengi. Nilipomaliza nilishika jani langu nilikunje, safari hii kuelekea kwangu, nikijiona mwerevu. Akanizuia kwa kidole.

"Una safari?"

"Hapana, Ma."

"Basi liache."

Tukakaa. Jirani alikuwa anafua, tulisikia maji yakimwagika. Baadaye sana akaniambia maneno ambayo ndiyo yamenifanya nikuite leo. "Siku ile sikuwa na njaa, mtoto wangu. Chakula ninacho. Watu wema wananiletea kila wiki, wanakiacha mlangoni, wanasema pole Ma, wanakwenda. Na kwenye jani chakula kilikuwa kimeisha, nilikiona. Kukaa ndiko kulikuwa hakujaisha. Mume wangu akimaliza kula alikuwa analiacha jani wazi, ananisimulia habari za kiwandani mpaka wali unakauka vidoleni. Tangu afe, sikuwahi tena kukaa namna hiyo. Nilikuwa nasubiri nione kama bado naweza kulikunja mwenyewe. Wewe ukaniwahi."

Nilimweleza habari za mama yangu anayekula wima. Aliniuliza jina lake, nikamwambia anaitwa Faida. Akasema, "Jumapili mwambie Faida aje na sahani yake kwenye simu. Na wewe chukua yako. Akae, ale, akusikie."

Ungetuona! Kila Jumapili saa kumi mimi niko dukani na mkate wangu, sikio kwenye simu, na mama kule kwa jirani na muhogo wake mapajani. Hatukuongea mengi. Nilimsikia akitafuna. Jirani yake alituona vichaa wawili, lakini mama alikuwa amekaa.

Mwaka uliofuata Ma Saroja alimwambia Anti Rani atakuja ukumbini kwa sharti moja, mimi nisigawe chakula, nikae karibu naye. Nilikaa. Wenzake wote wakainuka, nyimbo zikaisha, wasichana wakaanza kufagia chini ya meza, na jani lake bado liko wazi. Alinisimulia juu ya mume wake, harusi yao, ugomvi wao wa redio, alivyokuwa anakoroma. Kisha akashika jani kwa mikono miwili, bangili zikalia, akalikunja polepole kuelekea kwake. "Sasa," akasema.

Mama yangu nilikula naye kwa simu miaka sita. Mezani sikurudi kukaa naye hata mara moja. Nilikuwa nangojea makaratasi ya kusafiria, makaratasi yakachelewa, yeye akachoka kungoja, akamfuata baba. Mpaka leo, ikifika Jumapili saa kumi, sikio langu linawasha. Namtamani mama, mwanangu. Mtu mzima kama mimi, nywele nyeupe, namtamani mama yangu akitafuna muhogo.

Ma Saroja naye ameondoka duniani. Na mume wangu, Baba Patrick, ana miaka miwili kaburini. Patrick, kijana wangu wa kwanza, anakaa Westville, ana kazi nzuri na gari safi, na hanisahau. Kila Ijumaa ananitumia chakula kwa pikipiki. Kuku, wali, mpaka juisi. Mwenye pikipiki anapiga kengele, anasema, "Enjoy, Mama," anakwenda. Na unajua ninavyokila? Ninasimama kwenye sinki, nakula wima, naosha kijiko. Ndiyo, mimi huyu huyu.

Mwaka huu Anti Rani, ambaye sasa anatembelea fimbo, alinipigia simu. "Jumapili una kiti chako."

"Anti, mimi Mkristo."

"Nimekuuliza dini? Nimekuambia una kiti."

Basi nikaenda, nikavishwa bangili, nikala. Patrick akaja kunichukua. Alipiga honi nje mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akaingia na funguo mkononi. "Mama, twende, nimeacha gari pabaya." Akaliona jani langu tupu, akanyoosha mkono anisaidie kuliondoa.

"Usiliguse!"

Ukumbi mzima uligeuka. Maskini mtoto wangu, mkono ulibaki hewani. Nikamwambia taratibu, "Kaa." Alikaa pembeni ya kiti, goti linacheza. Anti Rani akamwekea tambi. Simu yake ikalia, akaitazama, akaigeuza kifudifudi. Alikula vijiko viwili, kisha akaniuliza, bila kuniangalia, "Baba alikuwa anapenda hizi?"

Mwanangu, tangu tumzike tulikuwa hatujamtaja. Miaka miwili ya kuku na juisi, hakuna aliyemtaja. Nikamjibu, "Baba yako? Alikuwa anasema kutia tambi kwenye maziwa ni kuharibu vyote viwili." Patrick alicheka kwa sauti, na kicheko kikageuka kilio katikati, nami nikalia naye, hatukuona haya. Tulikaa mpaka wasichana wakafagia chini ya miguu yetu. Ndipo nilipolikunja jani langu, kuelekea kwangu.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, kama una mama mjane Goma au Mombasa, au una jirani mjane hapo hapo Queensburgh ulipopanga, nakuomba hivi. Kupeleka chakula ni vizuri, peleka. Lakini ukifika usikiache mlangoni. Vua viatu, uingie, ule naye, na mkimaliza usiinuke. Mtaje marehemu kwa jina, hata kama sauti itakukatika. Kama uko mbali, chukua sahani yako ukae nayo kwenye simu, siku hizi mpaka uso utamwona. Na usimwambie mjane kwamba amemaliza kulia, au amemaliza kucheka, au muda wake wa kukaa umekwisha. Hilo atalisema yeye, kwa mkono wake.

Mungu akulinde barabarani na kazini, mwanangu. Akufikishe kwa mama yako angali amekaa. Na siku utakayobaki peke yako, akupe mtu wa kuvuta kiti karibu na chako, jani likiwa tupu, asikuulize kama umemaliza. Amina.